Risala za Barabara ya Heshima

Nchi ninayotaka kuisimulia sitaitaja jina. Si kwa woga. Nilitia saini fomu ya kukodi gari, na kifungu cha kumi na nne kilisema mteja hataitaja nchi hiyo kwa ubaya, wala barabara zake, wala hali yake ya hewa. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu akitia saini ametia saini. Kwa hiyo nitaiita Kule, na nitasema mazuri tu. Msomaji akikuta baya humu ndani, ajue amelileta mwenyewe kutoka kwao.

Naitwa Bakari Shekivuli. Nilifundisha miaka thelathini na miwili, lakini wilayani kwetu sikujulikana kwa kufundisha. Nilijulikana kwa risala. Akija mgeni rasmi kuzindua kisima, au choo cha shule, au mashine ya kukoboa, aliyeandika risala ni mimi na aliyeisoma ni mimi. Salamu, historia fupi, mafanikio, changamoto, shukrani. Wakuu wa wilaya watatu walitoa leso mfukoni kwa ajili yangu, na mmoja hakuwa na mafua.

Mtu wa kwanza kuzisikia risala hizo alikuwa Tunu, mtoto wetu wa pekee. Alikuwa akikaa chini ya meza na daftari lake la hesabu, mimi nasoma kwa sauti, yeye anapiga makofi pale anapoona watu watapiga. "Hapa hawapigi, baba," ananiambia. "Hapa umesema maneno mengi." Alikuwa na miaka minane, na hakukosea hata mara moja.

Alipokua akaolewa Kule. Siku ya harusi nilichelewa kwa sababu palikuwa na uzinduzi wa josho la ng'ombe, na mgeni rasmi naye alichelewa. Miaka sita iliyofuata sikwenda kumtembelea. Kila likizo palikuwa na mgeni rasmi. Hayo nayasema mapema, nisije nikaonekana nawalaumu watu wa Kule peke yao.

Jumanne moja mkwe wetu Hemedi akapiga simu.

"Baba, Tunu amezidiwa. Ni zile figo. Daktari anasema tuhesabu siku. Anakuita."

"Mwambie nakuja."

"Nimeshamwambia." Nikamsikia mtu anaongea kwa mbali, sauti nyembamba. "Anasema safari hii usipitie joshoni."

Mama Tunu alikuwa amesimama karibu yangu, akasikia. Alicheka, kisha akaketi sakafuni akalia. Jioni hiyo hiyo tukapanda basi la mpakani.

*

Kule inaongozwa na Mzinduzi Mkuu. Zamani alikuwa na cheo cha kawaida kama viongozi wengine, lakini alivizindua vitu vyote vilivyokuwepo, na vilipokwisha akaanza upya. Barabara ya Heshima, inayotoka mpakani hadi mji anaokaa Tunu, kilomita mia tatu na kumi, ilikuwa imezinduliwa mara kumi na moja. Sisi tulifika katika Mwezi wa Barabara, wakati wa kuizindua mara ya kumi na mbili. Kwa heshima ya mwezi huo mabasi yote yalikuwa yamepumzishwa, na magari ya kigeni hayakuruhusiwa kuingia, yasije yakaikanyaga barabara kwa matairi yasiyoithamini. Ilibidi kukodi gari la wenyewe.

Karani wa magari alitupokea vizuri sana. Alitupa fomu ya kurasa tisa na gari dogo jeupe. Kwenye kiti cha mbele cha abiria palikuwa na picha kubwa ya Mzinduzi Mkuu ndani ya fremu, imefungwa mkanda.

"Mke wangu atakaa wapi?" nikauliza.

"Nyuma. Kiti cha mbele ni cha Picha. Na usizidishe mwendo wa arobaini, Mwalimu. Picha inaumwa mgongo."

"Picha inaumwa mgongo?"

"Mwenyewe anaumwa mgongo," karani akasema kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgeni. "Sasa picha zake zitakuwaje nzima?"

Mama Tunu alikwisha ingia nyuma. "Mia tatu kwa arobaini ni saa nane," akasema. "Adhuhuri tuko njiani, alasiri haijaingia tumefika. Washa gari, Baba Tunu."

Hivyo ndivyo anavyoniita tangu mtoto azaliwe. Nami namwita Mama Tunu. Majina yetu wenyewe tuliyaacha kwenye vyeti.

*

Jumatano jua linachomoza tulikuwa barabarani. Lami ilikuwa nzuri kwa kilomita mbili, kisha ikaisha, pakawa na mashimo hadi tulipokaribia Kituo cha kwanza, hapo lami ikarudi. Baadaye nilielewa utaratibu. Lami ilikuwepo kila palipokuwa na kipaza sauti.

Kule hawana vizuizi barabarani. Wana Vituo vya Mapumziko ya Hiari. Kituo ni mnyororo wenye misumari uliokatiza barabara, hema, meza yenye kitambaa, na viti vya plastiki walivyokalia Wananchi wa Kudumu, yaani watu walioajiriwa kuwa wananchi hapo kuanzia saa mbili asubuhi. Mbele yao husimama bwana mwenye bendera ya kijani. Bendera ikipanda, wanapiga makofi. Msomaji akinyamaza kuvuta pumzi, bendera inapanda. Ni utaratibu mzuri, hauchoshi kichwa.

Katika Mwezi wa Barabara kila msafiri alitakiwa kumsomea mgeni rasmi wa Kituo risala ya kuishukuru barabara. Mbele yetu palikuwa na lori la vitunguu. Dereva wake akashuka na kandambili zake, akashika kipaza sauti, akasema, "Barabara nzuri. Tunashukuru. Tunaendelea." Bendera ikapanda, makofi, mnyororo ukashushwa, lori likapita. Haikuchukua dakika mbili.

Naomba msomaji alikumbuke lori lile. Mimi nalikumbuka kila siku.

"Soma hiyo hiyo ya dereva," Mama Tunu akasema.

"Mama Tunu, siwezi kusimama mbele ya mgeni rasmi nikasema maneno matatu kama mtu anayenunua viberiti. Ni utovu wa adabu. Nchi ya watu hii."

Nikaomba karatasi. Niliandika ukurasa mmoja na nusu juu ya boneti. Nilipofika kwenye changamoto niliandika hivi: "Binti yetu Tunu ni mgonjwa mahututi katika mji ulio mwisho wa barabara hii, hivyo tunakuomba, Mheshimiwa, turuhusiwe kumuwahi." Kabla ya kusoma ilibidi karatasi ipite kwa Afisa Mapitio ya Risala, mama mmoja wa makamo aitwaye Bi. Leokadia, mwenye kalamu nyekundu iliyofungwa kwa uzi shingoni. Akasoma akitikisa kichwa kwa kupendezwa, mpaka hapo. Akapiga mstari.

"Changamoto zilifutwa, Mwalimu. Ni amri ya mwaka juzi."

"Huyu ni mtoto wangu tu, si changamoto ya nchi."

"Ukimtaja mgonjwa, mtu atauliza kuhusu hospitali." Akatazama hema, akapunguza sauti. "Usinitie matatani, baba yangu. Hapo weka shukrani mara mbili."

Ningeweza kubishana. Sikubishana. Na kwa kuwa naandika kuutua moyo wangu, nitasema na hili: niliusoma tena ukurasa bila sentensi ile, nikaona unatiririka vizuri zaidi.

Nikasoma. "Mheshimiwa mgeni rasmi, kama mto unavyobeba maji bila kudai ahsante, ndivyo barabara hii inavyotubeba sisi, wazito na wepesi, wenye kofia na wasio na kofia." Bendera ilipanda mara saba. Ya nane bwana wa bendera alijisahau, akaiweka kwapani na kupiga makofi kwa mikono yake. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kitambo Lugusha, Naibu Waziri wa Barabara Zilizokwisha Zinduliwa, akavua miwani akajifuta macho.

Nikarudi garini mwepesi kama kijana. Mama Tunu alikuwa akiangalia nyuma ya fremu ya Picha.

"Hukumtaja," akasema.

"Kituo kijacho."

*

Mnyororo haukushushwa. Mheshimiwa Lugusha alikuwa amepiga simu ya upepo kwenye Redio ya Taifa, nao walikuwa njiani na mitambo yao, wanataka risala irudiwe saa saba mchana, hewani, nchi nzima isikie. Nikairudia. Nilirudia vizuri kuliko mara ya kwanza, nikiongeza mfano wa kinu na mchi. Kisha nikapewa shada la maua ya karatasi, cheo cha Bingwa wa Risala, na pikipiki ya kutuongoza yenye mwendo wa ishirini, kwa kuwa heshima haikimbii. Bi. Leokadia akapandishwa cheo palepale kuwa Afisa Mapitio wangu mimi peke yangu, akakaa nyuma ya pikipiki na kalamu yake.

Lori la vitunguu saa hiyo lilikuwa limeshafika lilikokuwa linakwenda.

Kituo cha pili tulikifikia jioni. Walikuwa wamechinja ng'ombe. Huwezi kuikataa nyama ya mtu aliyekuchinjia, na huwezi kuondoka kabla haijaiva. Tukalala hapo kwa hiari, askari wawili wakitulindia hiari yetu mlangoni. Simu haikushika. Minara ilikuwepo mingi, mirefu, imepakwa rangi, na yote ilikuwa imezinduliwa. Kuwashwa ilikuwa ni idara nyingine.

Asubuhi ya Alhamisi nikasoma risala ya pili, nayo hewani. Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika "mtoto wetu anatungoja" tu, bila ugonjwa. Bi. Leokadia aliitazama sentensi hiyo muda mrefu.

"Anangoja nini?" akaniuliza.

Akapiga mstari, taratibu, akaniomba radhi.

Kituo cha tatu palikuwa na Waziri mwenyewe. Wakati mimi naandika, Mama Tunu alimfuata afisa itifaki akamwambia, "Baba, mwanangu anakufa." Yule afisa akampa mkono kwa heshima zote. "Hongera kwa uvumilivu wako, mama," akasema, akamvisha kofia ya Mwezi wa Barabara. Mama Tunu akarudi kwangu nayo kichwani. Nadhani hakujua kwamba anayo.

"Bakari," akasema.

Tangu Tunu azaliwe, miaka ishirini na tisa, hakuwahi kuniita hivyo. Nikaacha kuandika.

"Bakari. Mwanangu ananiita mimi pia, hata kama hakusema. Nenda pale ukaseme barabara nzuri, tunashukuru, tunaendelea. Maneno matatu. Mimi naomba maneno matatu."

"Sawa," nikasema. "Wallahi matatu tu."

Nilikwenda na nia hiyo. Lakini hema lilikuwa limejaa hadi nje, safu tatu za waheshimiwa, kipaza sauti kipya kikiwa bado na nailoni yake, na mtangazaji akasema nchi nzima imesimamisha kazi inanisikiliza. Nikasoma kurasa nne. Nisitafutiwe sababu. Sababu ni mimi.

Ijumaa saa nne asubuhi nikasoma ya nne, katika Kituo cha mwisho. Hiyo ilikuwa fupi kidogo, sauti ilikuwa imenikauka.

*

Tulifika baada ya sala ya Ijumaa. Nilipoona majamvi yametandikwa nje ya nyumba na wanaume wamekaa juu yake bila kuongea, nilizima gari lakini sikushuka. Mama Tunu alishuka peke yake. Wanawake wakatoka kumpokea, na nikasikia sauti yake, sauti ambayo sikujua kama anayo.

Hemedi akaja akanifungulia mlango. Akanishika mkono kama anavyoshikwa mzee kipofu, akaniketisha jamvini.

"Jana magharibi, baba. Tukasema tungoje. Leo saa tatu mashehe wakasema hawezi kukaa zaidi. Tumemzika saa nne."

"Saa nne nilikuwa nasoma," nikasema.

"Tulikusikia. Jirani wa makaburini alikuwa amefungulia redio." Akafikiri kidogo. Hemedi ni mtu mpole, alikuwa anatafuta kitu cha kunipa. "Kwa hiyo sauti yako ilikuwepo, baba."

Nikamuuliza kama Tunu alisema lolote. Hakutaka kunijibu. Nilipomshika goti ndipo akasema.

"Redio ilikuwa dirishani pake. Ile ya kwanza ilipotangazwa alicheka, akasema, baba yuko Kituo cha kwanza, kesho asubuhi yuko hapa. Akawa anatuonyesha kwa kidole. Anasema hapa watapiga makofi. Na kweli wanapiga. Hata nesi alishangaa."

"Na baadaye?"

"Baadaye akawa anangoja umtaje. Alisema baba yangu huweka changamoto baada ya mafanikio, siku zote. Ukimaliza mafanikio tu, anainua mkono tunyamaze. Halafu wewe unaingia kwenye shukrani." Akauvuta uzi wa jamvi. "Ile ya tatu alinyamazisha hata watoto wa nje. Ukapitiliza tena. Akasema labda karatasi moja imepotea. Akaniambia, Hemedi, upepo wa huko mkali, karatasi ya baba itakuwa imepeperuka. Kisha akaomba tuzime redio."

Nimewahi kuandika risala mia nne na kitu. Sikupata neno moja la kumjibu kijana yule. Nililia mbele za watu, na watu wa Kule, ambao nimeahidi kutowasema vibaya, walinisogezea maji bila kuniuliza chochote.

Jioni nilikwenda kaburini. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Nilikaa hapo nikajaribu kumwambia kwamba karatasi haikupotea, kwamba karatasi zote nilikuwa nazo mkononi. Sikuweza. Nikamwachia lile la upepo.

*

Siku ya nne baada ya mazishi tulitakiwa kurudisha gari. Tulipofika Kituo cha kwanza cha kurudia, kilekile nilichosomea Ijumaa saa nne, hema lilikuwa limeshajaa. Msafiri anayetoka husoma risala ya kuaga. Mheshimiwa Lugusha alikuwa amekuja makusudi, na mitambo ya redio ilikuwa tayari.

Bi. Leokadia alinyoosha mkono akitaka karatasi. Nikampa. Ilikuwa na maneno ya yule dereva wa vitunguu, hakuna zaidi. Akayasoma mara mbili.

"Ndiyo hii tu, Mwalimu?"

"Ndiyo hii."

Akanitazama usoni, akamtazama Mama Tunu aliyejifunika kanga ndani ya gari, na nadhani alielewa. Akagonga muhuri.

Mtangazaji akapaza sauti. "Na sasa, wananchi, Bingwa wa Risala, Mwalimu Bakari Shekivuli!"

"Naitwa Baba Tunu," nikasema.

Nikavuta pumzi. Bendera ikapanda, wakapiga makofi.

"Historia fupi. Tunu Bakari alizaliwa mwezi wa mvua, akaishi miaka ishirini na tisa. Mafanikio. Alikuwa anajua mahali watu watakapopiga makofi."

Wakapiga makofi. Mheshimiwa Lugusha alikwisha vua miwani, akingoja mfano wa mto.

"Changamoto."

Hapo kiti kimoja kililia hemani. Mtu wa redio akamtazama afisa itifaki, na afisa itifaki akamtazama mwenzake. Kipaza sauti hakizimwi Kule bila fomu, na fomu zilikuwa Kituo cha pili.

"Changamoto ni moja. Alikuwa anangoja baba yake amtaje kwenye redio. Baba yake alipewa nafasi mara tatu. Alikuwa na karatasi zote." Nikakisogelea kipaza sauti. "Tunu amekufa."

Bwana wa bendera aliona nimenyamaza. Bendera ikapanda. Wakapiga makofi, wengine wakiwa wamesimama, na bibi mmoja wa mstari wa nyuma akapiga kigelegele. Bi. Leokadia peke yake hakupiga. Alikuwa ameishika kalamu yake kwa mikono miwili, hajui aiweke wapi. Hapo walipiga makofi, mwanangu. Ungekuwepo ungeniambia mapema.

Niliporudi nilimkuta Mama Tunu ameshuka. Amefungua mlango wa mbele, amemfungua Mzinduzi Mkuu mkanda, amembeba na fremu yake hadi hemani na kumweka kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na Mheshimiwa Lugusha. Watu wote wakasimama wima kwa heshima ya Picha. Mwenye kutaka kukaa hakuthubutu, na mwenye kutaka kutukimbilia hakuthubutu kuipa mgongo. Mama Tunu akaenda barabarani, akaushusha mnyororo mwenyewe, akarudi akaketi kiti cha mbele, pembeni yangu.

"Twende, Baba Tunu," akasema.

Nikawasha gari. Nilikwenda sitini, nikaenda themanini, mashimo na yote, na hapakuwa tena na mtu wa kumuwahi.